Mwanangu Anatundika Dripu

Shule nimeishia darasa la nne, lakini Mbinga mjini ukiulizia bati au saruji utaletwa kwangu. Nilianza na kishamba cha kahawa, leo nina malori mawili. Kwa hiyo mwanangu alipochaguliwa kusomea udaktari, sikunong'ona. Nilitangaza.

Jumamosi nikimpigia simu, nyuma yake kelele tupu. "Uko wapi, daktari?"

"Tunatundika dripu, baba."

Basi nikatembea na neno hilo. Nikishusha saruji Kitai nawaambia wenye maduka: mwanangu hata Jumamosi yuko na wagonjwa, anawatundikia dripu. Wananijibu, "Mashallah, hongera mzee."

Likizo akaja na mwenzake wa chuoni. Nikawapeleka Lundo, ziwani, kwa shemeji yangu, tukaandaliwa samaki mbasa wa kuchoma, na mimi nikaanza tena sifa za dripu. Yule mwenzake akapaliwa na ugali.

"Samahani, mzee. Dripu kwetu ni bia."

Shemeji akapiga paja. "Kumbe Kitai yote umeitangazia baa!"

Mwanangu hakucheka. Nikambana mpaka akasema: aliingia wodini asubuhi ananuka pombe, mwalimu akamtoa mbele ya wagonjwa. Sasa chuo kinataka arudi na mzazi, wamsikilize kabla hawajaamua kumfukuza.

Nilifoka. "Mnafundishwa ini linavyooza, mkitoka darasani mnakwenda kuliozesha la kwenu!"

"Mzee, masomo mazito," mwenzake akajitia kutetea. "Tunakesha, tunaona watu wanakufa."

"Mimi nimebeba magunia ya kahawa mgongoni. Nani alinitundikia?"

Tukiwa garini kurudi, mwanangu akaanza kunibembeleza. "Baba, waambie nilikuwa na malaria. Wewe unajua kuongea."

Kuongea najua. Nimelainisha maofisa wagumu kuliko hao. "Haya, nimesema malaria, wamekubali. Kesho yake asubuhi utakunywa nini?"

Akatazama dirishani. "Nisipozimua kwa bia ya asubuhi, mikono inatetemeka."

Mikono hiyohiyo ya kumchoma mtu sindano! Nikasimamisha gari. "Hilo ndilo utakalowaambia. Wewe, kwa mdomo wako."

"Watanifukuza."

"Labda."

Ofisini chuoni, mkuu akaanza kwa kuniuliza mimi. Nikamwonyesha mwanangu kwa kidole. Jamani, sijawahi kunyamaza muda mrefu vile. Mtoto anazunguka, mara habari za mvua, mara basi lilichelewa, na mimi pale nimeuma ulimi, malaria imenijaa mdomoni tayari kutoka. Mkuu akaweka kalamu chini, akamngoja.

"Nakunywa," akasema. "Kila siku."