Kochi Mbele ya Chumba cha Nyuma

Mheshimiwa mbunge alikuwa nyuma yangu, anapangusa vumbi la viatu, nilipoingia ukumbini na kukuta kochi mahali pasipo pake. Kochi la watu watatu, lenye vitambaa vya kufuma, limesukumwa hadi kwenye mlango wa chumba cha nyuma. Mlango wenyewe umefunikwa pazia la maua, utadhani hapo pana dirisha. Nilisahau hata kumkaribisha mgeni. Chumba hicho ndicho tulichomwitia.

Makao yetu ya wazee ni ya usharika wa kanisa, yako kwenye migomba juu ya Kwa Sadala. Mimi ni muuguzi mstaafu, nimo kwenye kamati, na kazi niliyopewa ni kuwasumbua wakubwa. Naiweza, kwa sababu sina haya. Nimemfuata diwani hadi msibani. Nimekaa kwenye benchi la halmashauri mpaka mlinzi akanizoea na kunigawia chai yake.

Wazee wanaotembea hawakuwa na shida kubwa. Wanaota jua, wanabishana juu ya bei ya kahawa ya zamani, wanalalamikia chumvi. Chumba cha nyuma ni cha wale wasioweza kujigeuza kitandani. Hao wanahitaji mtu mchana na usiku, na usharika ulikuwa umetuambia waziwazi kwamba baada ya Pasaka hautaweza tena kuwalipa wahudumu. Serikali isipotoa watu, chumba kinafungwa na waliomo wanarudishwa makwao.

Makwao! Bibi mmoja wa chumba kile, aliyeuza ndizi sokoni Kwa Sadala maisha yake yote, kwao ni nyumba ya vigae katikati ya kihamba, lile shamba la ukoo la migomba, imefungwa kufuli, na ufunguo uko Dar es Salaam kwa mwanawe wa mwisho. Anayebaki pale ni kijana wa kukamua ng'ombe. Kiharusi kilikuwa kimeua upande wote wa kulia wa bibi. Nimeuguza watu miaka mingi, najua mgongo usiogeuzwa unavyooza. Kumrudisha kwenye nyumba ile kulikuwa ni kumuua, na nilimwambia diwani hivyo hivyo, bila kupaka mafuta.

Unajua alinijibu nini? "Mama, sisi Wachagga hatutupi wazazi. Mtoto wa mwisho anabaki na wazee kihambani, ndiyo mila. Nikisimama kwenye baraza niseme tuna wazee wasio na wa kuwatunza, nitakuwa natukana ukoo wa nani?"

Kwa hiyo nilitaka mbunge aone kwa macho yake. Nilisubiri Desemba, wakati kila aliye mbali anapanda nyumbani, maana mtu ukimkamata kwake wakati wa Krismasi hana kisingizio cha vikao. Nilimfuata kanisani, nikamfuata kwenye harusi, mwishowe akakubali kuja kula nasi mchana. Kamati nzima tulikubaliana: aingizwe moja kwa moja chumba cha nyuma, akutane na ile harufu, ndipo apewe kiti.

Sasa kiti chenyewe ndicho kilichoziba mlango.

Akakaa. Akakaa pale pale kwenye kochi, akaegemea pazia. Wazee wetu walikuwa wameogeshwa, wamevalishwa suti za zamani na vitenge vya Pasaka. Mbuzi alikuwa ameshachomwa. Mtori wa ndizi na nyama ulikuwa unafuka, na mbege, pombe yetu ya ndizi, ililetwa kwenye kibuyu kilichosuguliwa kikang'aa. Nilijaribu. Nilisema, "Mheshimiwa, kabla ya chakula, kuna chumba kingine..." Mama mwenyekiti wa kamati akanikanyaga mguu kwa kiatu cha kisigino, akasema kwa sauti tamu, "Mheshimiwa, mtori unapoa."

Alikula, akaongeza. Kisha akasimama kushukuru. Alisema amefarijika sana, kwamba wazee hawa wanaishi vizuri kuliko wengi walio na watoto, na kwamba atawaambia wenzake Dodoma waje wajifunze jinsi watu wa Kilimanjaro wanavyojitegemea bila kuitegemea serikali. Wakapiga makofi! Wanakamati wenzangu, niliozunguka nao kote kule kuomba msaada wa serikali, walipiga makofi.

Gari lilipoteremka nikaingia jikoni kama moto. Sitayarudia niliyosema, mimi ni Mkristo. Mama mwenyekiti aliniacha nimalize, akafuta mikono kwenye kanga.

"Usitufokee sisi," akasema. "Kamuulize bibi yako wa ndizi. Ndiye aliyetuamrisha tufunge."

Sikuamini. Nilisukuma kochi peke yangu, nikafungua mlango. Bibi alikuwa macho, amelala kwa ubavu wake mzima, uso umeelekea dirishani.

"Ni kweli, mama?" nikamuuliza.

"Ni kweli," akasema kwa nusu ya mdomo. "Yule mtoto nimembeba mgongoni. Mama yake alikuwa anauza karibu yangu pale sokoni. Wateja wakizidi, ananipa mimi nimbembeleze. Leo aje anione nimevalishwa nepi? Aende akalieleze Bunge?"

"Lakini mama, chumba kitafungwa. Unajua utarudi wapi?"

"Najua kuliko wewe."

Niliketi kwenye ukingo wa kitanda. Nilikuwa nimejiandaa kupambana na serikali, na mila, na uvivu wa ofisi. Sikuwa nimejiandaa kupambana na yeye. Nilimbembeleza, nikamtisha, nikamtajia wenzake waliolala humo, mmoja kipofu, mwingine haongei kabisa. Halafu akasema jambo ambalo mpaka leo likinijia nikiwa jikoni naacha ninachofanya.

"Basi nenda kamwambie nimekufa. Mwambie nilikufa humu kwa kukosa wa kunigeuza. Aliyekufa haoni aibu. Nitumie hivyo, uwaombee hao wengine."

Nilikataa. Kisha nikaenda nyumbani, nikalifikiria, nikaona ndiyo njia pekee aliyoniachia. Siku chache baada ya Krismasi nikapanda kwa mbunge. Nyumba ilijaa wageni, watoto wa mjini wanakimbia na simu kwenye migomba, mashemeji wanakata nyama. Aliniona nasimama pembeni akanivuta kando ya banda la ng'ombe.

"Karibu, mama. Kuna tatizo?"

Nikamweleza. Nilieleza vizuri, maana mgongo niliokuwa nauelezea naujua kila kidonda. Nikasema alikuwa muuza ndizi wa Kwa Sadala, amefariki kwenye chumba chetu, na wengine watamfuata wahudumu wasipopatikana. Nilimwona uso ukibadilika. Nikajisifu moyoni.

"Yule aliyekuwa anauza karibu na marehemu mama?"

"Huyo huyo."

Akavua kofia. Macho yalijaa machozi kweli, si ya siasa. "Alizikwa lini?"

Nikakohoa.

"Mbona sikupewa taarifa? Yule ni mama yangu! Kaburi liko kwenye kihamba cha mumewe? Nakuja kesho na ndugu zangu wote, tuweke shada, tuwape wafiwa pole." Papo hapo akageuka kumwita dada yake. "Hebu njoo usikie! Mama wa ndizi amefariki, na hakuna aliyetuambia!"

Nawaambia, jasho lilinitoka kama niko mashambani Mabogini, kule bondeni kwenye joto, saa saba mchana. Mimi na yule bibi, wote wawili tumezaliwa mlimani, tumezika watu tangu tuko wadogo, na hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kwamba kwetu mtu hafi kimyakimya. Unaweza kuugua miaka hakuna anayekuja, lakini ukifa wanajaa mpaka barabarani. Dada yake alishaanza kushika kichwa. Dakika moja zaidi kungekuwa na kilio uani.

"Hajafa," nikasema.

Wakanitazama.

"Yuko hai. Siku ulipokuja alikuwa nyuma ya pazia uliloegemea. Alikusikia ukishukuru. Ndiye aliyeomba afichwe, kwa sababu alikubeba."

Nilingoja anifukuze. Hakunifukuza. Aliivaa tena kofia yake, akasimama anamtazama ng'ombe, na dada yake akakaa chini kwenye majani akiwa na gauni lake la sikukuu.

Kesho yake alikuja bila msafara. Alipita ukumbini akasukuma kochi mwenyewe, akapiga magoti kando ya kitanda, akaamkia. Bibi alivuta shuka kwa mkono wake mmoja, akajifunika uso, na kutoka ndani ya shuka akauliza, "Nani kakuambia?" Bibi hakuhitaji jibu, alikuwa ameshaniona. Nilikuwa mlangoni.

Muda wa kumgeuza ulikuwa umefika na mhudumu alikuwa peke yake. Mbunge akaambiwa ashike bega. Akashika. Aliuona mgongo. Alitoka nje akaegemea ukuta, na sauti aliyoitoa sikuwahi kuisikia kwa mtu mzima ambaye hajafiwa. Mimi nilizoea vidonda vile. Nilichoshtukia ni kwamba kumbe ingetosha kumfikisha umbali wa hatua mbili tu kutoka alipokula mtori.

Sijui alizungumza na nani, wala Dodoma alisema nini. Ninachojua ni kwamba kabla ya Pasaka halmashauri ilituletea wahudumu, wasichana wenye mafunzo na mikono yenye nguvu, na chumba hakikufungwa. Diwani alikuja kupiga nao picha. Kipofu wetu sasa anageuzwa kwa saa, na bibi wa ndizi mgongo umekauka, ngozi mpya imeota.

Ila bibi hakusema nami tena. Nilivumilia, nikidhani hasira itapungua, haikupungua. Mwishowe nikafanya tunavyofanya. Nilikata jani la isale kwenye mpaka wa kihamba changu, nikalifunga fundo, nikampelekea. Ukimkosea mtu ukamletea isale, hata kama ulimuulia ndugu, hawezi kulikataa. Tangu nizaliwe sijaona likikataliwa. Nilipiga magoti, nikalishika kwa mikono miwili juu ya blanketi, karibu kabisa na mkono wake unaofanya kazi.

Hakulikataa. Hakulipokea pia. Mkono ulibaki chini ya blanketi. Akamgeukia msichana mhudumu, ambaye alikuwa anasubiri mtu wa kumsaidia kumgeuza.

"Mtafute mwingine," akamwambia. "Huyu ana mdomo."

Nililiacha jani pale juu ya blanketi, nikatoka kumwita mhudumu wa pili.