Wino Aina Mbili

Kwa miaka kumi na moja Munyiva alitayarisha kemikali katika maabara ya shule moja ya kibinafsi huko Spring Valley. Walimu walikuja wakaenda, yeye akabaki. Kisha akaja Mwalimu Thuo wa kemia, mtu wa haraka asiyependa kuulizwa.

Asubuhi moja Thuo alimkabidhi karatasi ya maagizo ya zoezi la Kidato cha Tatu. Munyiva aliisoma mara mbili.

"Mwalimu, hii sodiamu haidroksaidi umeandika moli nne kwa lita. Si ni kali sana kwa watoto?"

"Kazi yako ni kuosha chupa. Changanya vile nimeandika."

Akachanganya. Kabla ya saa nne, msichana aitwaye Ciru aliivuta kwa mdomo kwa pipeti, bomba la kupimia, ikamfika kinywani. Ulimi ukababuka. Wiki tatu mtoto yule alilishwa uji kwa mrija.

Kwenye kikao, Thuo aliweka karatasi ileile mezani kwa mwalimu mkuu, Bi. Janice. Sasa ilisoma 0.4.

"Niliandika nukta nne," alisema bila kupepesa macho. "Yeye ndiye aliyezidisha mara kumi."

Munyiva aliapa kuwa sifuri na nukta viliongezwa baadaye. Nani angemwamini? Virginia, mama yake Ciru, alimwita muuaji mbele ya wote. Bi. Janice alibaki na nakala, kisha akamrushia karatasi yenyewe pamoja na barua ya kumfuta kazi.

"Enda nayo, ikukumbushe."

Munyiva alipata kibarua katika duka la vifaa vya maabara katikati ya jiji. Kila jioni, akifika nyumbani mtaani Mountain View, aliitoa ile karatasi na kuitazama. Hakuomba haki. Aliomba Thuo aaibike kama alivyoaibika yeye, mbele ya watu.

Jumapili moja, akiwa anaitazama, aliona kuwa weusi wa ile sifuri haukufanana na weusi wa nne. Alikata kipande chembamba kutoka kwa kila namba, akavibandika juu ya ukanda wa karatasi ya kuchujia, akautumbukiza ncha ndani ya spiriti. Wino mweusi ni mchanganyiko wa rangi, na kila kampuni ina mchanganyiko wake. Spiriti ilipopanda ilizibeba rangi hizo, nyingine mbali, nyingine karibu. Wino wa nne ulitoa zambarau na buluu. Wa sifuri ulitoa buluu na manjano. Kalamu mbili!

Munyiva alicheka peke yake jikoni.

Kesho yake alimfuata Virginia kwenye benki alikofanya kazi, akamwonyesha ule ukanda na kumweleza maana yake. Virginia aliukodolea macho, halafu akanyanyua kichwa.

"Ijumaa tuna mkutano wa wazazi. Wanamtangaza Thuo kuwa naibu wa mkuu. Utakuja na mimi."

Ijumaa, Thuo alikuwa ndiyo kwanza amesimama kupigiwa makofi, Virginia akaomba nafasi. Munyiva akapita mbele na glasi ya spiriti na ile karatasi, akakata vipande vingine huku wazazi wakitazama. Thuo alicheka.

"Huo ni mchezo wa Kidato cha Kwanza."

"Ndiyo, Mwalimu. Kutenganisha michanganyiko. Ungekumbuka, ungetumia kalamu ileile."

Wazazi walisogea karibu rangi zikipanda. Manjano ilipojitokeza upande mmoja tu, mzazi mmoja alianza kupiga kelele, na Thuo akakaa chini kabla hajaulizwa neno.

Bi. Janice alimsihi Munyiva arudi kazini. Alikubali kwa sharti moja: Thuo akiri kwa mdomo wake mbele ya wanafunzi wote, kisha aondoke. Jumatatu alikiri, sauti ikikatika. Munyiva alisimama mstari wa mbele, kando ya Ciru, hakuondoa macho usoni pa Thuo hata mara moja.

Thuo alimngoja langoni.

"Nisamehe, Munyiva. Nina watoto."

"Hata mimi nilikuwa nao siku ile," alimjibu, akampita kwenda kufungua maabara.

Ukimuuliza leo, atakuambia hajamsamehe, na kwamba analala vizuri.