Injini Iliyonyamaza Misiera

Kama kitu kimelegea, kwa nini usikikaze? Nilikuwa na miaka kumi nilipomuuliza baba yangu swali hilo, na jibu alilonipa halikunitosha hata kidogo. Lilinirudia juzi hapa Mbarara, nilipopita nyuma ya soko na kunusa dizeli iliyochanganyika na unga wa mahindi wenye joto. Harufu ile ikinikamata, husimama. Nanyi, naamini, mna harufu moja inayowasimamisha njiani.

Kwetu kulikuwa Misiera, ndani ya kambi ya wakimbizi ya Nakivale, na Papa, kama tulivyomwita baba, ndiye aliyeilea injini ya mashine ya kusaga. Ilikuwa injini kuukuu ya silinda moja, rangi yake ya kijani imebaki pembeni tu. Mwenye mali alikuwa Afande, mwanajeshi wa kambi ya Mbarara aliyekaribia kustaafu, na alimkabidhi Papa baada ya mafundi wawili kushindwa kuiwasha. Papa alikuwa amefika kutoka Kivu Kusini na Biblia na spana nne. Kwa sababu ya injini ile watu walimwita Fundi. Ingemtoka, angerudi kulima kipande chetu cha mawe kule mlimani, na jina hilo lingebaki kwenye mashine.

Kila baada ya wiki kadhaa, asubuhi injini ikiwa bado baridi, alifungua mfuniko wa juu na kuzungusha gurudumu mpaka valvu zote mbili zifunge. Juu ya kila valvu kulikuwa na mkono mdogo wa chuma wa kuisukuma, na kati ya viwili hivyo palikuwa na nafasi nyembamba. Papa aliipima kwa ukanda wa bati aliokata kwenye kopo la mafuta ya kupika tuliyopewa kwenye mgao, kingo zake amezisugua kwenye jiwe. Bati lilipaswa kupita kwa kujivuta, kama karatasi unayoichomoa chini ya Biblia. Likikwama, alilegeza skrubu ya mkono ule. Likipita ovyo, aliikaza, kisha akaifunga kwa nati.

Nilimuuliza kwa nini aache uwazi ambao kila mtu alisikia unagonga, ta-ta-ta, kutwa nzima.

"Njo vile inapenda," alisema.

Injini inapenda? Nani aliiuliza? Nilikuwa mtoto wa kusumbua. Hata mwalimu wa shule ya Jumapili alishazoea kujifanya hajauona mkono wangu.

Na si mimi tu niliyechoshwa na mlio ule. Kanisa letu lilikuwa ukuta kwa ukuta na mashine. Mama Esther, aliyemimina mahindi mashineni na kuongoza kwaya, alilalamika kwamba ta-ta-ta ile iliwapotezea mapigo kila wakifanya mazoezi.

"Fundi, kitu yako inakohoa tukiwa tunaimbia Mungu."

"Siku itanyamaza, Mama, njo mutalia," Papa alimjibu, nao wakacheka.

Mimi sikucheka. Jumapili moja alasiri, watu wakiwa kwenye mkutano wa maombi, niliingia kibandani. Spana nilizijua zilikofichwa, chini ya gunia. Turnevisi, kama sisi Wakongo tunavyoita bisibisi, ilikuwa imelala mfukoni mwa Papa, kwa hiyo nilichukua kijiko jikoni kwa mama yangu. Nililegeza nati kwa spana, nikakaza skrubu zote mbili mpaka uwazi ukaisha kabisa. Kijiko kilipinda ncha. Nilikirudisha mahali pake na kulala kwa amani ya mtu aliyetengeneza dunia.

Jumatatu Papa aliamkia foleni ya kuhakikiwa kadi za mgao huko Base Camp, makao makuu ya kambi. Mama Esther, mwenye mikono iliyozoea kutwanga, alizungusha mwenyewe manivela, mkono wa kuwashia, na injini ikawaka. Ilisaga bila kugonga. Wanawake waliokuwa kwenye foleni ya unga walitazamana, na Mama Esther akasema leo Bwana amesikia, akaanza kuimba palepale. Nilikaa mlangoni nikivimba kwa furaha.

Kabla ya saa sita ilianza kutoa moshi na kuvuta kwa shida. Ndipo nilipomwona Papa akija barabarani. Alisimama, akainamisha kichwa kusikiliza, kisha akakimbia. Sikuwahi kumwona baba yangu akikimbia. Aliizima kabla hajasalimia mtu. Alipojaribu kuiwasha tena, manivela ilizunguka nyepesi, bila upinzani wowote. Alifungua mfuniko, akaweka bati lake, nalo halikuingia. Aliitazama mifuo ya skrubu, iliyochubuliwa na kitu kisicho turnevisi. Hakuuliza mtu. Wanawake walijitwika mahindi yao na kwenda kutafuta mashine nyingine.

Jumatano Afande alifika na valvu mpya, kwa kuwa moja ilikuwa imeungua ukingo. Alikuja pia na kipimo cha kweli, vibamba vya chuma vyenye namba. Watu walijaa kibandani.

"Nani alikaza hii kitu?"

Nilikuwa nyuma ya Mama Esther, nimeshika kitenge chake.

"Ni miye, Afande," alisema Papa.

"Wewe? Fundi muzima?" Afande alivua kofia. "Mara ingine mimi naleta fundi wa kambi. Wewe nakwenda lima maharagi."

Papa aliitikia ndiyo. Afande alilichukua bati la kopo, akalicheka, kisha akalilinganisha na vibamba vyake. Akakoma kucheka, akamrudishia.

Nilingoja fimbo. Haikuja. Siku ya kupima tena Papa alinipa mimi lile bati. "Ingiza. Ikikatala, ulegeze." Tangu siku hiyo kazi hiyo ikawa yangu, na ta-ta-ta nikaizoea kama pumzi ya mtu alalaye.

Chuo kikuu nilisoma kwamba chuma kikipata moto hurefuka, na kwamba valvu isiyoachiwa nafasi haifungi tena: moto hupenya na kuila. Nilimpigia Papa simu kumweleza. Alisikiliza hadi mwisho, akasema vizuri, na mahindi yameanza kukauka. Kuhusu Jumapili ile sikumwambia, naye hakuuliza, nikaamini kwa miaka yote hiyo kwamba siri ni yangu peke yangu.

Mwaka jana nilimsaidia Mama kuosha vyombo, nikakuta kile kijiko. Nilimuuliza kwa nini hajakitupa. Akasema Papa alimkataza: Jumatatu ile ya injini, akila jioni, alikigeuzageuza, akauliza nani alikitumia mara ya mwisho, na Mama, aliyeniona nikikirudisha, akamtajia jina langu.