Nilivyomsalimia Mkwe Mbele ya Shorobo

Aibu hii nimeikalia tangu mwaka 2014, na leo naitoa mwenyewe, maana watu wa hapa Rungwe Mpya wanaisimulia vibaya, wanaongeza na mbuzi ambaye hakuwepo.

Mjukuu wangu Neema, mtoto wa marehemu binti yangu Skolastika, alikuwa anatafuta kazi ya kuongoza wageni wanaopiga picha za ndege, na Bwana Henriki aliyetoka Dar akamwambia, nipeleke mlimani, nikimpata shorobo kwenye kamera, kazi unayo. (Shorobo ni yule ndege mkubwa wa rangi ya wino, akikunjua mabawa unaona wekundu kama amebeba moto.) Mkuyu anaoula nilikuwa naujua mimi, basi ikabidi niende. Ilikuwa mwezi wa kumi, mvua za kwanza zimeshagusa ardhi.

"Bibi, kule hakuna kuongea," Neema akanionya. "Hata kukohoa."

"Mimi? Nimeishi na babu yako miaka arobaini bila kuongea!"

Kosa langu lilikuwa dogo tu: wenzangu walijificha kichakani, mimi kwa ajili ya magoti nikasema nakaa hapa kando ya njia. Tukangoja mpaka miguu ikafa ganzi, shorobo akaja kweli, akatua tawi la chini, Bwana Henriki akainua kamera taratibu, na nani anateremka njiani na watu sita wakitoka gulioni? Mzee Stefano Ntibabara, baba yake mume wa binti yangu Gaudensia. Mkwe!

Sasa kwetu Waha mkwe hapitwi hivihivi, unachuchumaa, unapiga makofi, unauliza habari za nyumba nzima. Nikachuchumaa, nikagonganisha vidole tu, nikanong'ona, "Mwidiwe." Kumbe nimesahau mzee hasikii vizuri.

"Nani huyo?" akapaza sauti. "Anjelina? Mbona unanisalimia kama mwizi? Nimekukosea nini?"

Jamani, ndoa ya mtoto iharibike kwa sababu ya ndege? Nikapiga makofi ya haki, pa! pa! pa!, nikauliza habari za Yoramu, za Eveta, za Mariselina na mguu wake, za Sadoki aliyeko Kibondo (majina sisahau, ndiyo balaa langu), kila jina na makofi yake. Shorobo aliondoka nikiwa bado kwa Yoramu. Kichakani Neema ameshika kichwa. Na hapo nikasikia moto mapajani: nimechuchumaa juu ya siafu! Nikavumilia mpaka kwa Sadoki, nilipofika kwenye ng'ombe nikashindwa, nikaruka, kitenge kikabaki chini, na mimi mbele ya mkwe na watu sita wa gulio nimebaki na gaguro lenye kiraka cha pazia.

"Anjelina," mkwe akasema akiwa ameshageukia mlima, "nyumbani wote wazima. Inatosha."

Kesho yake Neema alimpeleka Bwana Henriki bila mimi, wakampata shorobo kabla jua halijapanda, na kazi akapewa, kwa sharti moja tu: bibi abaki nyumbani.

Nimebaki. Nikiona kamera, nachukua jembe naenda kwenye maharage yangu. Ila mkwe tukikutana kanisani lazima aulize, kwa sauti ile ile, "Yule ndege alirudi?"

"Alirudi, baba. Mimi ndiyo sijarudi."

Makofi simpigii tena, anisamehe. Mikono yote miwili imeshika kitenge.