Kadi ya Mlangoni

Jirani wa Verna Hostetter alikuwa mzee mmoja mrefu, na kila asubuhi alitoka na slipa zake kuondoa kadi mlangoni pake. Katika kijiji kile cha wastaafu, kila mtu hutundika kadi kwenye kitasa akienda kulala na kuiondoa akiamka. Ikikutwa inaning'inia saa ya kifungua kinywa, muuguzi huingia kwa ufunguo wake, na wengi waliokutwa hivyo walihamishiwa jengo la uangalizi, wasirudi tena nyumbani kwao. Mzee huyo aliitoa yake kwa vidole viwili, kama mtu amtoaye mwenzake unyasi kwenye koti, kisha akageukia dirisha la Verna.

"Bado upo, jirani?"

"Nipo. Umeshaanza kuitamani bustani yangu?"

"Bustani gani, magugu hayo?"

Jumatatu moja kadi yake ilibaki pale pale. Kabla ya saa ya kifungua kinywa Verna aliingia, akamkuta sakafuni jikoni, ameegemea jokofu, nywele zimechanwa vizuri. Kamba nyekundu ya kuwaitia wauguzi ilikuwa karibu na bega lake.

"Nimeumia nyonga," alisema. "Itoe ile kadi kwanza."

"Utawaficha mpaka lini, wewe?"

"Itoe tu, jirani."

Verna akaenda kuitoa, roho ikimsuta. Aliporudi, mzee alikuwa ameishika ile kamba kwa vidole vyake viwili.

"Nitakwenda huko jengoni kwao," alisema. "Ila wasije wakasema walinikuta. Mimi ndiye niliyewaita."

Akaivuta.