Breki Nimefunga Mimi

Zamani kazi ikiharibika fundi mkuu alisimama mbele akapokea matusi yote peke yake, na jambo likaisha pale pale gereji. Siku hizi anayesimama mbele ndiye anayetiwa pingu, na waliokuwa nyuma yake ndio wanaokimbilia kwa wakili.

Mzee Spana hakulijua hilo. Alikuwa ameishi chini ya magari tangu ndevu hazijaota, mpaka mafuta machafu yakaingia kwenye mistari ya viganja vyake na kukataa kutoka. Gereji yake ilikuwa banda la mabati, na ukutani alikuwa amechora umbo la kila spana ili ikikosekana moja ionekane kama pengo la jino. Mafundi wake walikuwa wapwa zake wawili, watoto wa marehemu dada yake. Aliwachukua wadogo, akawalea, akawafundisha kazi, akawaoza. Wakubwa na ndevu zao, bado aliwafokea kama watoto.

Alikuwa na kawaida moja aliyoirithi kwa fundi aliyemfundisha. Mwenye gari akiuliza nani katengeneza, jibu lilikuwa lile lile: "Nimetengeneza mimi." Hata kama siku hiyo hakugusa nati. Sifa zikija aliwagawia wapwa baadaye. Lawama zikija alizimeza.

Siku ya lori homa ilikuwa imemlaza chali, mkewe akimkanda kwa kitambaa cha maji. Wapwa walifunga breki, dereva akaondoka. Kwenye mteremko wa sokoni breki zikakataa. Lori liliingia dukani kwa kupitia ukutani. Dereva akafa, na mama mmoja aliyekuwa akichagua nyanya naye akafa.

Aliposikia, Mzee Spana aliinuka na homa yake, akavaa shati safi, akaenda kituoni kwa miguu yake.

"Nani alifunga breki za lori lile?" askari aliuliza.

"Breki nimefunga mimi."

Askari alimtazama kama mtu aliyeokota kitu njiani. "Hutaki kumwita wakili kwanza?"

"Wakili wa nini? Wakili ni wa wezi."

Akatia sahihi. Alidhani atakaripiwa, mwenye lori ataitwa, kisha wataongozana wote kuwapa pole wafiwa, kama alivyoona ikifanyika enzi za fundi wake. Wakamvua mkanda na viatu.

Mkewe alipomletea chakula alisema, "Baba, tafuta mtu wa kukusemea."

"Mdomo ninao."

"Huo mdomo ndio uliokuleta humu."

Yeye ndiye aliyeuza cherehani yake, akapanda ngazi za mbao juu ya duka la vioo, akampata wakili mwanamke mwenye umri wa binti yao. Wakati huo mashtaka yalikwisha kusomwa: kusababisha vifo kwa uzembe. Wakili alimfuata mahabusu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye wakili, au umetangulia tu?"

"Ndiye huyu huyu. Hakuna mwingine anayekuja nyuma." Alivuta kiti. "Mama anasema siku ile ulikuwa unaumwa."

Mzee akageuka kumtazama askari wa mlangoni.

"Utakayoniambia hapa siyatoi bila ruhusa yako. Ulifunga breki zile?"

"Hapana. Wapwa zangu. Lakini gereji ni yangu."

"Polisi hukuwaambia gereji ni yako, mzee. Umewaambia mkono ni wako. Ungeniita kabla ya kufungua mdomo, leo tungekuwa tunaongea mengine." Alisugua macho. "Mkeo akisema ulikuwa kitandani, watasema anamtetea mumewe. Wapwa zako wakikubali tu kwamba hukuwepo, tutapata pa kushika. Wamekuja kukuona?"

"Wana kazi nyingi."

"Watakuja mahakamani?"

"Watakuja. Nimewalea mimi."

Asichokijua ni kwamba wapwa walikuwa na wakili wao tangu jioni ile ile ya ajali, ukuta wa duka haujaoshwa. Kushika spana walifundishwa na mjomba wao. Hili la pili walijifunza wenyewe.

Walikuja kweli, wamevaa makoti, wakakaa upande wa mwendesha mashtaka. Mkubwa akapanda kizimbani.

"Breki alifunga mjomba. Kazi ya breki hamwachii mtu."

Wakili wa mzee akasimama. "Siku hiyo mjomba wako hakuwa kitandani na homa?"

"Mjomba haugui."

Watu wakacheka. Mzee Spana mwenyewe nusura acheke, maana lilikuwa neno lake. Ndivyo alivyokuwa akijitapa gereji, huku pua inachuruzika.

Mchana wakili alimwita naye aseme. Akasema yote: homa, kitanda, nani alishika nini. Alisema bila kuwatazama wapwa.

Mwendesha mashtaka akamuuliza, "Kwa hiyo ulidanganya polisi, au unadanganya sasa?"

"Sikudanganya. Kwetu mkubwa wa kazi ndiye husema ni yeye."

"Kwetu wapi, mzee?"

Akafungua mdomo. Alitaka kusema gereji, lakini gereji nzima ilikuwa imekaa kwenye benchi lile, imeinamisha vichwa viwili. Akaufunga mdomo. Wakili wake akaandika kitu, kisha akakikata.

Hukumu ilisomwa baadaye, akapewa miaka, na siku hiyo upande wake alikuwepo mkewe peke yake. Kwa hiyo mara ya mwisho kuwaona wapwa zake ni jioni ya ushahidi, kwenye korido nyembamba, askari wamemshika huku na huku. Walikuwa wanatoka. Ilibidi wabanane ukutani ili apite. Mkubwa aligeukia dirisha. Mdogo, kwa mazoea tu, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mjomba."

Askari walikuwa wanamvuta. Mzee Spana akageuza shingo.

"Marahaba," akasema. "Lile gari dogo la bluu nililoliacha kwenye jeki, msiingie chini yake kabla hamjaweka magogo."

"Sawa, mjomba," mdogo akajibu, na mlango ukafungwa.