Beldina na Saa ya Kuona Wagonjwa

Beldina Ogola alizaliwa ndani ya shamba la chai upande wa Kericho, katika zile nyumba za wafanyakazi ambazo kila mtu huku huziita laini. Baba yake, Jairus, alikuja kutoka Ugenya akiwa kijana ili kuchuma majani chai. Alikusudia kukaa kidogo tu, akajikuta amekaa, akaenda kuoa, akarudi na mke. Mtoto wa laini hukua na lugha tatu mdomoni na hata moja haijui sawasawa. Beldina alikuwa na Kijaluo cha nyumbani, Kiswahili cha kuchezea nje, na Kipsigis cha kununulia maziwa na kusema kongoi, yaani asante.

Kila asubuhi aliwaona wamama wakiingia kwenye ukungu na vikapu mgongoni, mama yake akiwa mmoja wao, na moyoni alijua kwamba yeye hataki. Alitaka kuwa kama sista wa zahanati ya shamba, mwanamke mnene aliyewajua watoto wote kwa majina na kuwaimbia huku akiwachoma sindano.

Alipomaliza sekondari aliomba chuo cha uuguzi, akakosa. Basi akachuma chai na mama yake mpaka msimu wa kuomba uliporudi, vidole vikawa vyeusi kwa utomvu usiotoka hata kwa sabuni. Akaomba tena. Jibu lilimfikia kwa simu akiwa katikati ya mistari ya chai, kiuno kikiwa kimezama kwenye majani. Mama yake alipiga kigelegele, na wanawake wa mistari ya chini wakakiitikia kabla hata hawajajua kuna nini.

Furaha hiyo haikupata nafasi ya kukaa. Msimu huohuo mashine za kuchuma chai ziliongezwa, na watu wakapunguzwa. Jairus na mkewe walikuwa miongoni mwao. Na kazi ikiisha, nyumba ya laini hurudishwa.

"Baba, si tutafute tu nyumba hapo mjini?" Beldina alimuuliza.

Jairus alikuwa akifunga godoro kwa kamba. Hakuinua kichwa. "Mjini tukae tukifanya nini? Mimi hapa nilikuwa na kazi, Beldi. Lakini hapa hapakuwa kwetu."

Lori likapakiwa vitanda, masufuria, na kuku wawili ndani ya kikapu cha chai. Likaondoka na wazazi wake kuelekea Ugenya. Siku iliyofuata Beldina akaingia hosteli ya chuo na sanduku lake la bati. Alikuwa bado Kericho, mvua ilikuwa ileile ya kila alasiri, lakini hakukuwa tena na mlango wowote katika Kericho nzima ambao angeweza kuusukuma bila kubisha.

Chumbani aliishi na Chepkurui, msichana mchangamfu wa Roret. Kila Ijumaa Chepkurui alienda kwao, na kila Jumapili alirudi na mursik, maziwa ya mgando, kwenye kibuyu na maparachichi ya kugawa.

"Wiki hii twende na wewe," alimwambia. "Mama amesema nisikanyage mlango bila wewe."

"Nina anatomia ya kusoma."

"Hiyo mifupa haitatoroka, Beldina."

"Siku nyingine."

Siku nyingine haikufika. Si kwamba Beldina alikuwa na maringo. Aliogopa kukaa mezani katikati ya watu wanaoitana majina ya utotoni, halafu arudi kwenye kitanda cha hosteli akiwa na njaa ambayo chakula hakiishibishi. Chepkurui akaomba, akaomba, kisha akaacha kuomba. Mwisho wa wiki hosteli ilibaki na Beldina na sauti ya mvua kwenye mabati.

Likizo ya kwanza alikwenda Ugenya. Jua la kule lilimchoma, na binamu zake walikicheka Kijaluo chake. "Nyar Kericho amefika," walisema, msichana wa Kericho, na wakampa kiti cha wageni. Baba alikuwa amepanda mahindi na mtama. Mama alikuwa amekonda. Alipowauliza wanaendeleaje, wote wawili walimjibu kwa pamoja, "Tuko sawa kabisa." Beldina naye aliwaambia yuko sawa kabisa. Akarudi chuoni kabla ya likizo kuisha, akimwambia mama kwamba kuna masomo ya ziada. Hayakuwapo. Mlinzi alimfungulia lango akishangaa.

Mwaka wa pili walipelekwa wadini. Kazi yenyewe hakuiogopa: kutandika vitanda, kupima presha, kusafisha vidonda, kumgeuza mgonjwa asipate madonda ya kulala. Alichokiogopa ni saa ya kuona wagonjwa. Mchana milango ilipofunguliwa, wadi ilijaa ghafla. Watu waliingia na chupa za chai, ugali uliofungwa kwa kitambaa, watoto waliovishwa nguo za kanisani. Kila kitanda kikawa kama kijumba. Wanafunzi wenzake nao walipata wageni, dada au shangazi aliyekuja mjini akapita kusalimia. Beldina alijifanya anapanga kabati la dawa.

Katika kitanda cha karibu na dirisha alilazwa bibi mmoja wa upande wa Bomet, Chepkosgei, aliyevunjika nyonga akikamua ng'ombe. Mguu wake ulikuwa umevutwa kwa kamba na uzani, kwa hiyo hakuweza hata kujigeuza ukutani wageni wa wenzake walipoingia. Alikodoa macho darini tu. Siku moja alimwita Beldina kwa kidole.

"Wewe, nani anakuja kuona wewe?"

"Hakuna mtu, kogo." Kogo ndivyo Wakipsigis wanavyomwita nyanya.

"Hata mimi hakuna. Kijana yangu iko Nairopi, anasema kesho, kesho." Akapiga godoro kwa kiganja. "Kaa hapa, pasi."

Beldina akakaa. Tangu siku hiyo, milango ikifunguliwa, alikuwa mgeni wa Kogo na Kogo alikuwa mgeni wake. Hawakuwa na mengi ya kuambiana kwa Kiswahili, basi Kogo akaanza kumfundisha Kipsigis. Si kile cha sokoni. Alimfundisha namna ya kumuuliza mtu anaumia wapi, namna ya kumwambia mwenye hofu apumue polepole. Beldina akikosea, kikongwe alicheka mpaka uzani ukatikisika, na Beldina akamsihi aache kucheka, atajivunja tena.

Kisha zamu ikampeleka wadi ya kujifungua, ng'ambo ya ua. Kazi ya huko ilimbana, siku zikapita bila yeye kuvuka ua huo. Alipopata nafasi akachukua ndizi mbivu, akaenda. Kitandani kando ya dirisha alikuwa amelala mwanamke mwingine, kijana, akinyonyesha.

"Yule nyanya?" alimuuliza muuguzi wa zamu.

"Alienda. Mwanawe alikuja na gari."

"Hakuacha neno?"

"Neno gani?" muuguzi alimuuliza, si kwa ubaya.

Ndizi alimpa yule mwenye mtoto. Beldina alifurahi kwamba mwana wa Kogo alikuja, alifurahi kweli, na jioni hiyo hakula.

Huenda ndiyo sababu, au huenda si hiyo. Siku ya mtihani wa vitendo wa kuzalisha, mikono yake ilikuwa mizito. Alikuwa ameshavaa glavu safi, kila kitu kimepangwa. Mama aliyekuwa akijifungua akapiga kelele, na Beldina, bila kufikiri, akashika reli ya kitanda. Mkono usiotakiwa kugusa chochote ukagusa chuma. Hilo peke yake angeweza kulirekebisha kwa kubadilisha glavu. Hakulirekebisha. Aliendelea, na mtahini akamwambia kwa upole asogee kando. Mtoto alipokelewa na mtu mwingine.

Alianguka mtihani. Wenzake wangesonga mbele, na yeye angerudia mafunzo ya uzazi katika kituo cha afya upande wa Soin, peke yake, kisha apimwe upya.

Jioni mama alipiga simu. "Mtihani?"

"Nimepita, Mama."

Upande wa pili kelele za furaha zikalipuka. Baba akachukua simu akasema kuku atachinjwa. Beldina akasema ahsante, Baba. Alipokata simu alitambua kwamba sasa hata sauti ya mama haitamfaa kitu, kwa sababu atakayekuwa akiongea naye ni Beldina mwingine, yule aliyepita. Chepkurui alikuwa akipakia mizigo yake. Alikuwa ameusikia uongo wote, akaendelea kukunja nguo.

Soin ni chini, kuna joto, na hakuna chai. Alipewa chumba nyuma ya kituo. Msimamizi wake, Sista Phanice, alikuwa mtu wa maneno haba. Beldina alipokosea, alisema neno moja tu: "Tena." Kunawa mikono, tena. Kuvaa glavu, tena. Alirudia mpaka vidole vikajua wenyewe. Jioni aliketi mlangoni pake akitazama mbuzi wa watu wakirudishwa nyumbani, na watoto wao wakiitwa kwa majina marefu kutoka upande huu na ule. Mara kadhaa alivuta sanduku akaanza kukunja nguo. Kilichomzuia ni kwamba hakujua angekwenda wapi akiacha. Wengine huvumilia kwa sababu ya ndoto zao. Kuna siku Beldina alivumilia kwa sababu hakuwa na pengine.

Siku moja ya soko, akianika mashuka, alimwona mtu akivuka barabara na mfuko wa samaki wakavu. Alimtambua kwa namna alivyoinama, kama bado ana kikapu mgongoni.

"Baba?"

Jairus akaweka mfuko chini. "Nilifika chuo. Nilitaka kukushtua. Wakaniambia wenzako wako Bomet, na wewe uko huku." Akavua kofia. "Wakaniambia na sababu."

Beldina alisimama na shuka bichi mkononi, maji yakimtiririkia kwenye viatu. Baba aliketi kwenye benchi la wanaosubiri kliniki, akampisha nafasi, naye akaketi.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Mlikuwa mnafurahi, Baba. Na ninyi mko sawa kule. Sikutaka niwe mimi ndiye..."

"Nani alisema tuko sawa?"

"Ninyi. Kila siku."

Mzee alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Mtama ulikauka wote. Mama yako anaamka mapema sana anakaa nje, anasema anasubiri king'ora cha shamba. Mimi wananiita Mkericho. Nikiingia kwenye mkutano wa ukoo wananyamaza, kama mpangaji ameingia." Akafuta uso kwa kofia. "Tulisema, mtoto anasoma, tusimpe mzigo. Kumbe wewe nawe ulisema wazee wamechoka, usiwape mzigo. Sasa huu mzigo, Beldi, nani ameubeba?"

Hapo Beldina akalia. Alilia kama mtoto wa laini aliyeanguka kwenye kokoto, kwa sauti, wagonjwa wakitazama. Baba hakumnyamazisha. Sista Phanice alitoka, akaona, akarudi ndani, akaleta chai vikombe viwili.

Jairus hakulala pale. Aliondoka alasiri hiyo na gari la Ahero. Alimwacha Beldina na samaki, na upweke wake, ambao haukwisha kwa siku moja. Ila usiku ule Beldina alipata usingizi.

Muda si mrefu baadaye akaletwa msichana wa Kipsigis, mimba yake ya kwanza, amechoka na anapiga mateke kwa hofu. Sista Phanice alikuwa na mgonjwa mwingine anayevuja damu. "Anza," alimwambia. Beldina aliinama sikioni mwa msichana akamwambia apumue polepole, kwa yale maneno aliyofundishwa karibu na dirisha, na msichana akamtazama, akaacha kupigana. Mikono ilifanya kazi yake. Mtoto akaja, kichwa, bega, kisha mwili wote kwa mara moja, akalia. Sista Phanice alitokea mlangoni akakagua kila kitu. Hakusema "tena."

Alipimwa upya, akapita. Alimaliza chuo nyuma ya darasa lake, akafanya mtihani wa baraza la wauguzi akiwa katikati ya watu asiowajua, na siku ya kuhitimu alipigwa picha na wazazi wake wawili, mama akiwa na gauni la kijani lililompwaya. Chepkurui, ambaye tayari alikuwa na kazi Eldoret, hakuweza kufika. Lakini Beldina alikuwa amempigia simu, na hilo lilimgharimu ujasiri zaidi kuliko mtihani.

"Nilidhani nilikukosea kitu," Chepkurui alimwambia.

"Hapana. Nilikuwa naogopa kwenu."

"Kuogopa nini? Kwetu ni ng'ombe tu na mama mwenye kelele."

Sasa Beldina anafanya kazi katika zahanati ndogo kwenye vilima vya Bureti. Amepanga chumba kimoja, mlango wa bluu, na ana ufunguo wake. Kuna jioni nyingi anapika peke yake na kula peke yake, redio ikiongea. Hajazoea kabisa, na pengine mtu hazoei. Lakini mama akipiga simu siku hizi huanza na mabaya: goti limevimba, panya wameingia kwenye mahindi, Baba amenuna tangu jana. Beldina husikiliza mpaka mwisho. Kisha mama huuliza, "Na wewe?" naye huegemea ukuta na kumwambia ukweli.